Miaka Mine Mbele ya Maji: Wazee Wetu na Uvumilivu wa Imani



Katika jubile watu huhesabu. Wanahesabu wabatizwa, ndoa, mapadri waliozaliwa katika parokia, wanahesabu hata matofali ya kanisa na miaka ya kengele. Hesabu hizo ni njema, nanyi mtazikuta katika kurasa zingine za kitabu hiki. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuandika habari za zamani tumeona kwamba kuna jambo moja ambalo vitabu vya parokia haviwezi kulihesabu, nalo ni muda wa kungojea. Kitabu cha ubatizo kinaandika siku ambayo mtu alimwagiwa maji. Hakiandiki asubuhi zote ambazo mtu yule yule alitembea kwa miguu kuja kusoma, akarudi kwake bila kitu mkononi, isipokuwa neno moja la katekisimu alilokuwa akilirudia njiani ili lisimponyoke. Na bila asubuhi zile, siku ile ya maji isingalikuwa na mizizi.

Basi tumependa kusimulia habari za kungojea huko: namna kulivyoanza kando ya ziwa letu la Tanganyika, kulivyowapima wazee wetu, na kulivyomlea mwana mmoja wa nchi hii aliyengojea kuliko wengi.

Mwaka 1868, huko Alger, katika Afrika ya Kaskazini, Askofu Mkuu Charles Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu waliwaita Mapadri Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Msafara wao wa kwanza kwa nchi za Maziwa Makuu ulianza safari mwaka 1878, na mwanzoni mwa mwaka 1879 wamoja wao walifika Ujiji. Mwaka 1880 walivuka ziwa wakajenga upande wetu, katika nchi ya Masanze. Mwaka 1885 walipokea ngome ya Mpala, ambayo Kapteni Storms, Mbelgiji, alikuwa ameijenga mwaka 1883. Na mwaka 1893 walianzisha misioni ya Kirungu, iliyokuja kuitwa Baudouinville. Majina hayo mnayajua, kwani wengi wetu tunao babu waliozikwa huko.

Nyakati zile hazikuwa za utulivu. Biashara ya watumwa ilikuwa ingali inachoma vijiji, na watu waliishi na mzigo umefungwa tayari kwa kukimbia. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Baba Mtakatifu huko Roma, alifika Mpala mwaka 1887 kwa kulinda vijiji vya misioni. Akaoa kwetu, akazeeka kwetu, akafa kwetu mwaka 1927. Wengi walikimbilia misioni kwa kutafuta kimbilio, na watoto waliokombolewa katika minyororo walilelewa humo. Mtu angefikiri kwamba katika hatari ya namna hiyo mapadri wangefanya haraka kubatiza kila aliyekuja, kama vile mtu anavyovuna mbio akiona mvua ya mawe inakuja. Walifanya kinyume chake.

Mwaka 1879 Lavigerie alikuwa amewapa wamisionari wake sheria: mtu mzima asibatizwe mbele ya miaka minne ya mafundisho. Miaka miwili ya kwanza aliitwa postulanti, maana yake mwenye kuomba. Alifundishwa kwamba Mungu ni mmoja, kwamba ameumba vyote na atawahukumu wote. Alifundishwa amri na sala. Mafumbo makubwa ya imani aliyangojea. Akionekana mwaminifu, alipewa medali ya kuvaa shingoni, akaingia katika hesabu ya wakatekumeni kwa miaka miwili mingine. Sasa alifundishwa habari za Yezu Kristu, mateso yake na ufufuko wake. Lakini Ekaristi ilikuwa bado nyuma ya mlango. Mwishoni aliulizwa maswali, na maisha yake yaliulizwa pia, kwani mwalimu wa kijiji alijua nani amerudia hirizi, nani ametafuta mke wa pili, nani amekosana na jirani na kukataa kupatana. Aliyeshindwa alirudishwa nyuma, wala si kwa siku chache. Mtu mmoja tu aliruka ngazi zote: mgonjwa aliye katika hatari ya kufa. Huyo alibatizwa palepale.

Kwa nini muda mrefu hivi? Lavigerie, mbele ya kuwa askofu, alikuwa amefundisha historia ya Eklezia katika chuo cha Sorbonne, huko Paris. Alijua kwamba Wakristu wa karne za kwanza, chini ya serikali ya Roma iliyowaua, hawakubatiza ovyo. Huko Roma kwenyewe ilikuwa desturi kumfundisha mtu miaka mitatu. Nasi twaweza kuongeza sababu nyingine iliyo karibu nasi zaidi, ndani ya nchi yetu wenyewe. Katika ufalme wa Kongo, upande wa bahari ya magharibi, mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, na nyuma yake watu walibatizwa kwa makundi makubwa. Kulikuwa na imani ya kweli huko: mwana wa mfalme Afonso, jina lake Henrique, aliteuliwa kuwa askofu mwaka 1518. Lakini mapadri walikuwa wachache mno, na mafundisho yalikuwa mafupi kuliko orodha za wabatizwa. Karne zilipopita, pengi palibaki msalaba wa shaba na majina ya watakatifu, bila mtu wa kueleza maana yake. Hatusemi hayo kwa kuwahukumu ndugu zetu wa magharibi, ambao imani yao imechanua tena vizuri. Twasema tu kwamba maji peke yake, mahali ambapo udongo haukulimwa, hupita juu juu yakaenda zake.

Wazee wetu walikuwa wakulima na wavuvi. Jambo hilo hawakuhitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Mtu wa Marungu apandaye muhogo anajua kwamba kwa miezi mingi hataona kitu isipokuwa majani. Chakula kiko chini, gizani, nacho kinakua bila yeye kukitazama. Na mtoto mwenye haraka, akifukua kila juma ili aone kama mzizi umenenepa, atakula majani tu. Bwana wetu naye alitoa mfano wa mbegu iotayo usiku na mchana, mpandaji asijue namna gani. Walimu wa vijiji waliupenda mfano ule, kwani haukuhitaji kutafsiriwa.

Lakini tusifikiri kwamba kungojea kulikuwa kwepesi. Miaka minne kwa watu wa siku zile ilikuwa ni muda mrefu kuliko tunavyoudhani leo. Katika miaka minne njaa ilikuja na kupita. Katika miaka minne Bula Matari aliweza kuhamisha kijiji, au kuchukua vijana kuwa wapagazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulishuka kandokando ya ziwa, vijiji vikapukutika. Waliokuwa wakisoma pamoja chini ya mti mmoja walihesabiana kila siku ya Mungu, na benchi lilizidi kuwa fupi. Tena kulikuwa na mizigo ya nyumbani. Mwanamume mwenye wake wawili aliijua sheria. Alijua pia kwamba mwanamke atakayeachwa ana watoto na hana shamba. Wengine wa namna hiyo walibaki na medali shingoni miaka kumi na zaidi, wakisimama mlangoni mwa kanisa, wakitoka walipoamriwa kutoka. Watu waliwacheka: wewe umesoma miaka yote hiyo, hao Wazungu hawajakutosheka? Kuwacheka kulikuwa rahisi. Sisi twaona kwamba katika parokia zetu za zamani ni wachache waliobeba msalaba mzito kama watu hao wa mlangoni.

Mtu aweza kuuliza kama mafundisho hayo marefu yalizaa kitu, au kama yalikuwa ukaidi wa Wazungu tu. Jibu lililo wazi kupita yote halikutokea kwetu bali Buganda, kwa Mapadri Weupe wale wale na chini ya sheria ile ile. Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walifika huko mwezi wa pili 1879, na ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1880. Kisha, mwezi wa kumi na moja 1882, kwa hofu ya vurugu za ikulu, mapadri waliondoka wote, wakavuka ziwa la Victoria kwenda kusini. Walikaa huko karibu miaka mitatu. Nyuma yao walibaki wabatizwa wachache na wenye kujifunza, bila Misa, bila padri wa kuwaungamisha, bila hata kujua kama mapadri watarudi. Kwa macho ya kibinadamu huo ulikuwa mwisho.

Waliporudi mwezi wa saba 1885 walikuta kundi limeongezeka. Watu walikuwa wamefundishana: mwenye kujua sala moja alimpa mwenzake, mwenye kujua mbili alionekana mwalimu. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, alikuwa amewaongoza vijana. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka ule ule aliuawa kwa amri ya mfalme Mwanga. Na siku ile ile Charles Lwanga, aliyekuja kushika nafasi yake, alibatizwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 mwezi wa 5, 1886, Lwanga mwenyewe alibatiza baadhi ya wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, mmoja wao Kizito, mdogo wao wote. Tarehe 3 mwezi wa 6 walichomwa moto Namugongo. Tufikiri vizuri habari hiyo. Kizito alikuwa Mkristu wa maji kwa siku nane hivi tu. Lakini moyo ulioingia motoni ulikuwa umejengwa katika miaka ile ya ukimya ambayo hakuna padri aliyeiona. Tarehe 18 mwezi wa 10, 1964, Papa Paulo VI aliwaandika wote 22 katika hesabu ya watakatifu.

Sasa turudi kwetu, kwa mwana wa nchi hii tuliyemtaja mwanzoni.

Stefano Kaoze alizaliwa karibu na mwaka 1886, katika nchi ya Marungu, kati ya Watabwa. Akiwa mtoto aliingia shule ya misioni ya Mpala. Mgr Victor Roelens, Mbelgiji aliyefika kwetu mwaka 1892 na kufanywa askofu mwaka 1896, alikuwa na wazo ambalo wengi waliliona ni ndoto: kuwafundisha vijana wa hapa Kilatini, kisha falsafa, kisha teolojia, mpaka upadri. Masomo yalianza Mpala mwishoni mwa karne ya 19. Kulikuwa na Wazungu wengi, hata ndani ya Eklezia, waliosema kwamba Mwafrika hataweza kushika masomo yale, na akiyashika hataweza kushika useja. Kulikuwa pia na wazee wetu wenyewe waliosema kwamba mtoto asiyeoa ni mti uliokatwa; ukoo unapoteza nini kwa ajili ya vitabu? Kijana Kaoze aliishi katikati ya mashaka hayo mawili kwa muda wa miaka 18 hivi.

Miaka kumi na minane! Aliyeingia seminari siku moja na mtoto kuzaliwa, angetoka humo akikuta mtoto yule amekuwa kijana wa kuoa. Wenzake wa mwanzo waliondoka mmoja mmoja, wakaoa, wakawa walimu na makarani, watu wa heshima. Yeye alibaki. Hatuna budi kusema kwamba hakubaki amekunja mikono. Mwaka 1910 na 1911, angali mwanafunzi, maandishi yake juu ya roho na mawazo ya watu wa Kibantu yalitolewa katika jarida moja la Ubelgiji, nayo yanahesabiwa kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa. Katika maandishi hayo aliwaeleza Wazungu namna watu wake wanavyofikiri, wanavyopenda na wanavyomjua Mungu. Watu walikuwa bado wakibishana kama Mweusi aweza kufikiri. Naye, bila kubishana, aliandika.

Kisha vita ikaja. Mwaka 1915 na 1916 merikebu za Wadachi na za Waingereza zilipigana juu ya Tanganyika. Mwezi wa saba 1916 askari wa Kongo walichukua Kigoma, mwezi wa tisa wakaingia Tabora. Wanaume wetu wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na wengi hawakurudi. Ilikuwa katikati ya kilio hicho kwamba, tarehe 21 mwezi wa 7, 1917, huko Baudouinville, Mgr Roelens alimwekea mikono Stefano Kaoze, padri Mkongomani wa kwanza wa nyakati zetu. (Tarehe 21 ya mwezi wa saba ni sikukuu ya taifa la Ubelgiji, kwa maoni yetu askofu hakuichagua kwa bahati. Lakini leo sisi twaikumbuka siku ile kwa sababu yetu wenyewe.) Mwaka ule ule wa 1917, Rwanda ilipata mapadri wake wawili wa kwanza huko Kabgayi, Uganda ilikuwa imewapata wawili wake mwaka 1913, nyuma ya miaka 20 ya seminari. Hivyo pande zote za Maziwa mti ule ule ulizaa karibu wakati mmoja, na pote ulikuwa umekawia.

Hapa twaomba ruhusa ya mapadri wageni wetu ili tuseme neno moja wazi. Kuna kungojea kwa namna mbili, wala haifai kuziita kwa jina moja. Mkatekumeni wa Mpala alijua hesabu yake: miaka miwili, medali, miaka miwili, maji. Na padri naye alingojea pamoja naye, akitembea vijijini juani, akijifunza lugha yake. Kungojea huko kulikuwa na mwisho uliotajwa, tena kulikuwa mzigo wa watu wawili. Lakini kulikuwa na kungojea kwingine, ambako mwisho wake haukutajwa. Papa Benedikto XV aliandika mwaka 1919, katika barua yake Maximum illud, kwamba mapadri wa nchi za misioni wasilelewe kuwa wasaidizi tu bali wawe tayari kuongoza watu wao. Papa Pio XI aliwaweka wakfu maaskofu sita wa Kichina mwaka 1926. Joseph Kiwanuka wa Uganda alipata uaskofu mwaka 1939. Hapa Kongo, askofu wa kwanza mzalendo wa nyakati zetu, Mgr Pierre Kimbondo wa Kisantu, alipatikana mwaka 1956: miaka 39 nyuma ya upadrisho wa Kaoze. Katika miaka hiyo 39 walikuwako mapadri wazalendo wenye elimu, wenye sala na wenye mvi. Twaona kwamba sehemu ya kuchelewa huko ilikuwa ni malezi, na sehemu nyingine ilikuwa ni kutoamini. Uvumilivu unaoombwa kwa upande mmoja peke yake, na asiyeuomba haongozwi nao mwenyewe, ni jambo lingine kabisa kuliko ule wa shamba la muhogo. Mgr Roelens mwenyewe twamshukuru, kwani alipanda pasipo mtu wa kumtia moyo, akakaa kati yetu mpaka kufa kwake, Baudouinville, mwaka 1947. Lakini tusimfanye kila aliyekawisha kuwa ni mwenye hekima.

Namna Abbé Kaoze alivyochukua kungojea huko kwa pili inatufundisha kuliko hotuba. Hakupata cheo cha juu katika Eklezia. Alifundisha, alihubiri, alitembelea vijiji. Katika miaka ya 1930 alipewa kuongoza misioni ya Kala, kusini kando ya ziwa, iliyokabidhiwa mapadri wazalendo, mahali pa mbali, pa wavuvi na mitumbwi. Wako watu ambao wangepaona kuwa ni kutupwa pembeni. Yeye alipafanya parokia. Nyuma ya vita ya 1939-1945, serikali ilipotafuta Wakongomani wa kwanza wa kuketi katika Baraza la Serikali huko Léopoldville, ilimwita yeye, mzee wa zaidi ya miaka 60. Alikufa mwaka 1951. Hakumwona Mkongomani amevaa mitra.

Miaka iliyofuata ilileta kiangazi kingine. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1962, huko Kongolo, wamisionari ishirini wa shirika la Roho Mtakatifu waliuawa siku moja. Mwaka 1964 maasi yaliwaka mashariki ya nchi yote. Vita vya 1996 na 1998 vilitutawanya tena, wengine porini, wengine ng'ambo ya ziwa katika kambi za Tanzania. Parokia nyingi zilikaa miezi, pengine miaka, bila padri. Na katika majira hayo yote tuliona jambo lile lile la Buganda likitokea mbele ya macho yetu. Mwalimu wa dini aliwakusanya watu siku ya Mungu chini ya mwembe, akasoma Evanjili, wakasali rozari, wakaweka matoleo ya unga kwa wajane, wakaagana. Maaskofu wa Kongo, tangu mkutano wao wa mwaka 1961, walikuwa wamechagua njia ya jumuiya ndogo za kikristu zenye uhai, zile tunazoziita mashirika. Wakati wa amani wengine walisema ni mikutano mingi mno. Wakati wa kukimbia, shirika ndilo lililojua mzee gani ameachwa nyumbani na mtoto gani hana mama.

Walimu hao wa dini hawakupadrishwa, hawakulipwa kitu cha kutajwa, na picha zao hazipatikani katika kitabu hiki, kwani hakuna aliyewapiga. Wengi wao walifundisha miaka arobaini katekisimu ile ile, wakaona wanafunzi wao wanakuwa mapadri, waganga na wakubwa wa serikali, na wao wakabaki na baiskeli moja na kofia moja. Mwenye kutaka kujua maana ya kukua polepole katika imani asianze na vitabu. Awatafute wajukuu wao, awaulize mzee alikuwa akisali saa ngapi.

Tunasema hayo kwa sababu leo haraka imetuingia. Wazazi wanakuja kwa padri paroko wakiomba mtoto apunguziwe mwaka wa mafundisho kwa kuwa sherehe imepangwa na ndugu wametuma franga kutoka mjini. Vijana wetu wanatoka kwenda mahali panapoahidiwa uponyaji juma hili na mali juma lijalo, na wakati juma lijalo limepita bila kitu wanaona aibu kurudi. Hatuwacheki. Anayeteswa na njaa au ugonjwa hawezi kulaumiwa kwa kutafuta mlango ulio karibu. Lakini twapenda wajue kwamba ukavu wa moyo wanaousikia, ile sala isiyojibiwa, ile miaka ambayo mtu anajiona hasongi mbele hata hatua moja, si alama kwamba Mungu ameondoka parokiani. Wazee wao walipita katika ukavu huo huo wakiwa na medali shingoni, na parokia hii ndiyo iliyotokea.

Tena sheria ile ya wazee haikubaki kando ya ziwa. Mwaka 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano uliamuru kwamba ukatekumeni wa watu wazima, wenye ngazi zake, urudishwe katika Eklezia. Na mwaka 1972 Roma ilitoa kitabu cha ibada zake, kwa ajili ya ulimwengu wote. Wakristu wa Paris na wa Bruxelles, wanaojiandaa leo kwa ubatizo kwa hatua na kwa miaka, wanafuata njia ambayo babu zetu wa Mpala na Kirungu waliitembea kwa miguu miwili.

Limebaki jambo moja. Tulipofungua kitabu cha zamani cha wakatekumeni wa parokia yetu, karatasi zake zimeliwa na mchwa pembeni, tuliona majina ambayo mbele yake pameandikwa mwaka wa kupewa medali, na kisha hakuna kitu. Wengine labda walihama. Wengine walikata tamaa. Wengine, kwa habari tulizosikia kwa wazee, walikufa katika kungojea, bila padri kuwa karibu. Kitabu cha sheria za Eklezia kilichotolewa mwaka 1917, mwaka ule ule wa upadrisho wa Kaoze, kiliamuru kwamba mkatekumeni aliyekufa bila ubatizo pasipo kosa lake ahesabiwe pamoja na wabatizwa wakati wa kumzika. Na kile cha mwaka 1983 kimeshika neno hilo hilo. Kwa hiyo tulimwomba padri paroko, naye amekubali, kwamba katika Misa ya jubile, wakati wa kuwaombea marehemu, majina hayo yasomwe pia, pamoja na ya wengine wote, bila kuyatenga. Ni marefu kidogo. Twawaomba wageni wetu watuvumilie.